Sweta la Zambarau

Leo ni mara ya tatu napanda ngazi za Obadia Tweve,
duka la juu, Mwanjelwa, mlango unaokwaruza sakafu.
Loleza umejifunika ukungu hadi shingoni.
Mkobani nina fedha za harusi kumi na moja,
kipaimara kimoja,
na mahafali ya chuo ambayo nusu ya wahitimu
hawajanilipa mpaka sasa.

"Dada Subilaga, ya leo ni hii," asema,
akiifuta kwa kiwiko kompyuta nyembamba kama chapati.
"Tazama mgongo. Tazama vibonye vinavyowaka gizani."
Namwuliza: ina tumbo?

Maana picha zangu si karanga za kufunga kwenye karatasi.
Picha moja tu ya kamera hii mpya
imebeba kilima kizima cha chai, kila jani na umande wake,
kila uzi wa kitenge cha mama mkwe.
Nikiifungua kwenye mashine ya kuazima
feni inalia kama lori la mbao linalopanda Kitonga.
Nabandika chai, chai inachemka, nakunywa,
uso wa bibi harusi umefika puani tu.

Yangu ilikufa mwaka juzi. Haikuaga.
Umeme ulikatika, ukarudi na hasira,
kukanuka nywele zilizoungua.
Ikaondoka na harusi ya akina Mwasenga,
na maua ya Kitulo niliyoyalalia baridi siku tatu,
na baba, akimenya viazi, wiki mbili kabla.
Fundi wa Kabwe aliifungua, akaifunga,
akanitazama kama daktari anayetafuta maneno.
Mzee Mwasenga nilimrudishia fedha zake.
Mimi, za baba, nani angenirudishia?

Kwa hiyo, Obadia, acha mgongo.
Nionyeshe diski, na nafasi ya kuweka ya pili.
Nionyeshe kumbukumbu yake ya kufanyia kazi,
sufuria dogo halipiki ugali wa msiba.
Na kioo.

Kioo ndicho kilichonipandisha ngazi mara tatu.
Nachomeka flashi. Ndani mna picha moja,
iliyonusurika kwa kusahaulika mfukoni:
mama, shambani Uporoto, asubuhi,
udongo mweusi uliotoka kulimwa,
sweta la zambarau limefumuka kiwikoni.
Nimelivaa sweta lenyewe. Makusudi.
Nanyoosha mkono kando ya kioo.

Ile nyembamba imeligeuza bluu.
Ya pili imempaka mama poda,
udongo umekuwa kahawia ya matangazo.
"Lakini si amependeza zaidi?" auliza Obadia.
Amependeza. Si mama.

Nyuma ya maboksi ya chaja
kuna jitu la mezani, limekwaruzwa ubavuni,
lilitoka ofisi ya wapima ardhi.
"Hilo halibebeki, dada. Hilo ni la kukaa."
Nami nakaa. Nihamie wapi?
Linawaka taratibu, linakohoa.
Kisha mama anatokea, zambarau kwa zambarau,
mkono wangu na wake,
na Obadia, kwa mara ya kwanza, hana la kusema.

Bei hatupatani upesi. Obadia si mtoto.
Mwisho ananiongezea kilinda umeme,
na diski mbili za nje:
moja ya kukaa juu ya kabati,
nyingine ya kupanda basi kila mwisho wa mwezi
kwenda kwa dada yangu Anyisile, Makambako,
ndani ya soksi, ndani ya debe la maharage.
Akiba haiozi, wanasema.
Yangu niliiona ikiungua.

Manyunyu yanatukuta kabla ya kona.
Navua sweta, nalifunika lile jitu kwenye mkokoteni,
baridi ya Julai inanishika mbavu.
Kijana anayesukuma anageuka, anauliza
kama humo ndani kuna mtoto.
Namwambia asukume.